Michungwa ya mjomba imeandikwa msitu: uzoefu wangu na ramani za bure za uoto wa ardhi

Shamba la mjomba wangu liko Muheza, ekari 6, michungwa mitupu ukiacha minazi ya mpakani na mfenesi mmoja karibu na nyumba. Jioni moja baada ya magharibi nilikaa naye barazani, nikafungua kompyuta nimwonyeshe shamba lake linavyoonekana kwenye ramani iliyotengenezwa kwa picha za setilaiti. Lilikuwa kijani tupu, kijani ile ile iliyopakwa milima ya Amani yenye msitu. Akauliza hiyo rangi maana yake nini. Nikamwambia miti. Akauliza miti gani, na hapo ikabidi nikiri kwamba ramani haisemi, ila mimi kwenye jedwali la tasnifu yangu nimeandika "msitu".

"Ahaa," akasema, akaisogeza taa. "Basi mpwa wangu, kesho kutwa watakuja watu wa maliasili waniulize kibali cha kuchuma machungwa."

Nilicheka, lakini usiku ule usingizi haukuja vizuri. Tasnifu yangu inahusu kaboni na mabadiliko ya ardhi kuanzia pwani ya Tanga hadi Usambara Mashariki, na sura nzima inayosema Muheza bado imejaa msitu nilikuwa nimeshaituma kwa msimamizi wangu. Sehemu ya msitu huo, kumbe, hupakiwa kwenye malori kila msimu ikaenda kukamuliwa juisi.

Ramani hizi nimezitumia zaidi ya mwaka sasa, na wenzangu wananiuliza ipi nzuri. Naandika niliyoyaona.

Ninayoifungua mara nyingi ni WorldCover ya Shirika la Anga za Juu la Ulaya, ESA. Ipo ya mwaka 2020 na ya 2021, dunia nzima, na ni bure kabisa: hakuna barua ya maombi, hakuna mhuri, hakuna "njoo Jumatatu". Imetengenezwa kwa picha za setilaiti za Sentinel-2 zikisaidiwa na rada ya setilaiti za Sentinel-1, na rada kwa mtu wa Usambara ni jambo kubwa, maana mawingu ya kule hayamzuii mwenye rada kuona. Pikseli yake, yaani mraba mmoja mdogo wa picha, ni mita 10 kwa 10. Kwa sisi tunaohesabu kwa ekari, ekari moja inachukua pikseli kama 40, kwa hiyo shamba la mjomba lina pikseli 240 hivi, na paa lake la bati likibahatika linapata moja nyekundu, rangi ya majengo.

Linganisha na ramani za MODIS, kamera ya setilaiti za NASA ya Marekani, zenye pikseli ya mita 500. Hiyo ni hekta 25, zaidi ya ekari 60. Mjomba na majirani zake wote wamo ndani ya mraba mmoja na wanaitwa jina moja. Kwa anayetengeneza modeli ya tabianchi ya Afrika nzima hilo halimsumbui, tena MODIS inamfaa kwa sababu inarudi nyuma mwaka kwa mwaka hadi 2001. Kwa mtu wa Muheza ni sawa na kupiga picha ya harusi ukiwa ndani ya ndege.

Angalizo la kupakua, kwa watu wa Tanga tu. WorldCover imekatwa vigae vya nyuzi 3 kwa 3, na longitudo ya 39 inapita katikati yetu: Tanga mjini iko mashariki yake, Muheza na Amani magharibi. Kwa hiyo lazima ushushe vigae viwili. Kile cha magharibi, S06E036, kinakupa Muheza pamoja na Moshi na Arusha usizozihitaji. Cha mashariki, S06E039, kinakuja na Mombasa, Pemba na bahari nyingi. Mimi nilishusha kimoja, nikahangaika saa nzima nikidhani faili limeharibika kwa sababu mji wote wa Tanga haupo. Bando lilikata njiani nilipoanza cha pili. Shusheni usiku.

Turudi kwenye michungwa, maana hapo ndipo pana somo, na kosa lilikuwa langu. WorldCover ina madaraja 11, yaani makundi ya vitu vinavyofunika ardhi, na kitabu cha maelezo kipo pale pale unapopakulia. Sikukisoma. Daraja la 10 wameliita eneo la miti: mahali popote ambapo miti imetawala na imefunika asilimia 10 au zaidi ya ardhi, na mashamba ya miti ya kupandwa, mfano michikichi na mizeituni, wameyaweka humo humo. Daraja la mazao, namba 40, ni la mazao ya mwaka, ya kulima na kuvuna. Mazao ya kudumu yenye shina la mti yanapelekwa kwenye miti au vichaka kwa umbo lake. Sasa angalia Tanga tuna nini: michungwa, minazi, miembe, mikorosho, na huko juu mikarafuu na midalasini. Karibu mazao yetu yote ya miti yanaingia kwenye kijani.

Ramani haikudanganya. Inasema kilichoifunika ardhi, na michungwa ni miti kweli. Anayetaka kujua ardhi inatumiwa kwa kazi gani anauliza swali jingine, na hesabu za tabianchi nyingi zinauliza hilo la pili. Jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, linagawa ardhi katika makundi sita: misitu, mashamba, nyasi, ardhioevu, makazi na ardhi nyinginezo. Ukichukua kijani yote ya WorldCover ukaitia kwenye "misitu", umehamisha mashamba ya Muheza kwa kalamu. Na hata neno msitu lenyewe lina vipimo vyake: ile tafsiri ambayo Tanzania imeitumia katika taarifa zake za uzalishaji wa hewa ukaa ni eneo la angalau nusu hekta, kivuli cha miti asilimia 10, na miti inayofika mita 3. Ramani ya upotevu wa misitu ya Chuo Kikuu cha Maryland, ambayo nayo ni bure na inaanzia 2000, inahesabu miti kuanzia mita 5. Mchungwa wa mjomba uliopogolewa mwaka huu huenda usiwe mti kwa Maryland, ukawa mti kwa Ulaya, na kwake yeye ni ada ya shule.

Kosa la pili nalo ni langu. Nilitoa ramani ya 2020 kutoka ya 2021, pikseli kwa pikseli, nikapata mabaka ya miti iliyotoweka kwa mwaka mmoja kwenye vilima ninavyovijua. Msimamizi alinirudishia ukurasa ule na neno moja pembeni: "Moto?" Hapakuwa na moto. Ramani mbili hizo zimetengenezwa kwa njia mbili tofauti za kukokotoa, na wenyewe wameonya kwamba tofauti kati yake inachanganya mabadiliko ya kweli na mabadiliko ya njia. Usahihi waliotangaza kwa dunia nzima ni asilimia 74.4 kwa ya 2020 na 76.7 kwa ya 2021. Yaani ukichomoa pikseli nne, moja inaweza kuwa imevaa jina la mwenzake. Ukizitoa mbili za namna hiyo, unajua mwenyewe kinachobaki ni nini.

Anayetaka kufuatilia mabadiliko arudi kwenye picha zenyewe. Landsat ya kwanza, setilaiti ya Marekani, ilirushwa 1972, na tangu 2008 hazina yote imeachwa wazi; kabla ya hapo picha moja ya Landsat 7 iliuzwa hadi dola 600. Kwa bei hiyo mimi nisingeandika tasnifu, ningeuza machungwa. Pikseli ya mita 30 ni kubwa kidogo, ekari moja inapata nne na nusu, lakini inakuonyesha Tanga ya miaka ya themanini shamba kwa shamba. Picha za Landsat 7 baada ya Mei 2003 zina michirizi mieusi kwa sababu kifaa cha kunyoosha mistari kiliharibika huko huko angani. Usidhani ni kompyuta yako.

Mkonge umenitesa kuliko kitu chochote. Uko Tanga tangu Mjerumani Hindorf aulete mwaka 1893, umejaa Ngomeni, Pongwe mpaka Korogwe, na bado ramani za dunia hazina pa kuuweka. Nenda usimame katikati ya shamba uangalie chini. Miche iko kwenye mistari, majani ya kijivu yenye mwiba nchani, na kati ya mstari na mstari pana udongo mwekundu kama pamepaliliwa, au nyasi zinazofika kiunoni kama mwenye shamba ameishiwa. Pikseli moja ya mita 10 inachota vyote vitatu. Masika nyasi zinashinda, kiangazi udongo unashinda. Kwenye ramani nilizofungua, shamba moja la mkonge nililotembea mwanzo hadi mwisho lilikuwa limegawanyika nyasi, vichaka na mazao kama kanga iliyoungwa viraka.

Hapo ramani ya Dynamic World, ya Google na Taasisi ya Rasilimali za Dunia iliyotolewa 2022, ilinisaidia kwa njia nisiyoitarajia. Yenyewe ina madaraja 9, mkonge haumo, na mikoko haina daraja lake. Lakini inasoma kila picha ya Sentinel-2 isiyo na mawingu mengi inapoingia, na badala ya kutoa jina moja tu, inakupa pia uwezekano wa kila jina. Niliuchora uwezekano huo mwezi kwa mwezi na mkonge ukajitokeza wenyewe: ni ile ardhi ambayo ramani haina uhakika nayo mwaka mzima. Msitu wa Amani ni miti masika na kiangazi. Mahindi yanapanda na kushuka. Mkonge unasitasita tu.

Pwani ni habari nyingine. WorldCover ina daraja la mikoko, namba 95, na ndilo nililolipenda kwanza. Nilichukua pointi 40 kwenye ramani nikaenda Kigombe kuzikagua kwa miguu, na mzee mmoja mvuvi akanipeleka. Nilimwonyesha simu, akaitazama, akauliza picha hii ilipigwa saa ngapi. Nikamwambia setilaiti hii ikipita kwetu ni kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, siku zote.

"Siku ya bamvua au ya maji mafu?"

Sikuwa na jibu, na sijawahi kusoma mahali popote swali zuri kuliko hilo. Kwetu siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, maji hujaa alfajiri na alasiri, kwa hiyo saa 4 asubuhi yamekupwa na tope lote liko nje hadi kwenye mizizi ya mililana, mikoko ya upande wa bahari. Siku za maji mafu saa hiyo hiyo maji yapo juu, na miche midogo ya ukingoni imezama isionekane. Ukingo wa mikoko kwenye ramani unaweza kusogea bila mtu kukata hata fito moja. Mzee akanitajia aina za mikoko njiani: mlilana huu unaoelekea bahari, mkoko na mkandaa katikati, mchu huko nyuma kwenye chumvi. Kwenye ramani wote ni 95. Nikachukua na ramani ya Global Mangrove Watch, inayotumia rada za setilaiti za Japani na kurudi hadi 1996. Kwa mwenendo wa miaka mingi ndiyo ninayoitumia sasa, ingawa vipande vyembamba vya mikoko kando ya vijito inaviruka. Na kumbuka sehemu kubwa ya kaboni ya mikoko imo ndani ya tope, ambalo hakuna mojawapo ya ramani hizi inayoliona. Ramani inakupa eneo; tope unalichimba mwenyewe.

Mimi nililichimba kwa mguu wa kulia. Nilizama hadi gotini, mguu ukatoka, kiatu kikabaki.

Jambo dogo la mwisho, kwa wenye ramani za zamani za mashamba. Nyingi zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupima mahali, na ramani za setilaiti zinakuja kwa mfumo wa WGS 84. Usipoiambia QGIS, programu ya kuchorea ramani, tofauti hiyo, mpaka wa shamba unahama kama mita 300, pikseli 30 nzima. Kwa wiki mbili mkonge wangu ulikuwa kijijini kwa watu.

Jedwali nimelirekebisha. Kijani ya Muheza sasa imegawanywa mara mbili kwa kutumia pointi nilizozitembelea: miti ya msituni na miti ya shambani, na sura imerudi kwa msimamizi bila neno pembeni. Kwa WorldCover natoa nyota nne, ya tano nimeibakiza kwa ajili ya mkonge. Kigombe bado pointi 9 za upande wa bahari sijazifikia. Bamvua lijalo narudi. Mzee amenipigia simu kwamba kiatu kimeonekana, na kwamba kimeshapata kaa wa kukikalia.