Kifuko cha kuzuia maji kwa simu ndani ya boti za Ziwa Tanganyika

Kwa anayesafiri kwa boti za abiria kutoka Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini mwa Kigoma, kava la kawaida la mpira halitoshi. Hulinda simu isipasuke inapoanguka, lakini wimbi likipiga ubavu wa boti, maji huingia kwenye tundu la chaji kana kwamba kava halipo. Kwa sababu hiyo nimekuwa nikitumia kifuko cha plastiki angavu chenye kamba ya shingoni, ambacho mdomo wake hukunjwa na kubanwa kwa klipu mbili.

Kazi yake kuu kinaifanya vizuri. Nilikijaribu kwanza bila simu, kwa kutia karatasi ya chooni ndani, kukifunga na kukizamisha kwenye ndoo. Karatasi ilitoka kavu hadi pembeni. Ningemshauri kila mnunuzi afanye vivyo hivyo, kwani punje ya mchanga wa ufukweni ikinasa mdomoni inatosha kupitisha maji. Maandishi ya IPX8 yaliyo kwenye pakiti nayo yasomwe kwa makini: 8 inahusu kuzamishwa mfululizo kwenye kina cha zaidi ya mita 1, kwa masharti anayoyataja mtengenezaji mwenyewe, ilhali X ina maana kwamba kiwango cha kuzuia vumbi hakikutajwa.

Usumbufu upo kwenye matumizi. Kioo hugusika vizuri kupitia plastiki ikiwa kavu, lakini matone yakitapakaa juu yake skrini huchanganya maji na kidole, hata namba zikajibonyeza zenyewe; kwa picha, afadhali kutumia kitufe cha sauti. Sauti ya anayepiga husikika kwa mbali. Tena, jua la mchana likikiwakia, joto hunaswa ndani, simu hupunguza mwanga, na unyevu uliofungiwa humo hugeuka ukungu mbele ya kamera, hasa kifuko kikifungwa kwa mikono yenye maji.

Wauza dagaa, ambao mikono yao haikosi magamba, watakipenda zaidi, maana husuuzwa ziwani na kazi ikaendelea. Kasoro ninayoilalamikia ni klipu: moja ya changu imeanza kulegea, na muuzaji haiuzi peke yake, hivyo italazimu kununua kifuko kingine kizima.