Kabla hujalipa kodi ya miezi sita Dar, angalia ukuta

Siku hiyo nilitoka nimekunja uso. Magari matatu yamenizibia geti, turubai limefungwa hadi katikati ya njia. Nikamuuliza kijana aliyekuwa anashusha viti, "Harusi ya nani hii isiyo na taarifa?" Akanijibu taratibu, "Dada, ni msiba. Leo siku ya pili."

Alikuwa mzee wa nyumba ya pili kutoka kwangu. Nimekaa pale Mbezi Beach miezi kumi na moja, sura yake siijui, naijua honi ya gari lake tu. Nikarudi ndani kutafuta kanga, nikaenda kukaa mkekani na watu ambao nao hawanijui.

Nyumba yenyewe haikuwa na kasoro: vigae, kisima, parking ya magari mawili. Ila mtaa mzima ni kuta. Mwanangu wa miaka sita aliniuliza siku moja kama ng'ambo ya ukuta wanaishi watu au ni mbwa tu.

Kwa hiyo nyie mnaotafuta mtaa wa kupanga na watoto Dar, maji, umeme na lami sitawaambia, hayo kila mtu anauliza. Mimi napima ukuta. Ukimfika mtu mzima kifuani, sawa. Ukivuka kichwa, anza kujiuliza. Ukiwa na nyaya za umeme juu, jua wanao watalelewa na katuni. Na usiende Jumamosi asubuhi anavyotaka dalali. Nenda siku ya kazi, saa kumi na moja jioni, uhesabu mageti yaliyo wazi. Kisha nunua nyanya gengeni, umuulize mama muuzaji nyumba ile anakaa nani. Akikutajia mpaka jina la mtoto wa mwisho, hapo pana mtaa.

Namba moja kwangu ni Magomeni, na sioni haya kusema napendelea. Nyumba nyingi za zamani zina kibaraza kinachotazama njia, na kibaraza hakina geti. Watoto wanacheza rede, mtu mzima yeyote ana haki ya kuwafokea: "We, mama yako anajua uko huku?" Mzaramo, Mnyamwezi, Mpemba, Mchaga wa duka, wote wamo, na msiba unaujua kabla chai haijachemka. Nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere miaka ya 1950 ipo mtaa wa Ifunda, leo ni makumbusho. Hata yeye alikuwa jirani wa watu. Basi la mwendokasi unapanda kituo cha Mapipa au Usalama, mjini unafika. Kasoro ni kelele: ngoma ya kigodoro ikianza mtaani Ijumaa, huna usingizi. Na upande wa bondeni, karibu na Mto Msimbazi, usikanyage hata kodi ikiwa nusu bei.

Upanga ni ya pili, na ingekuwa ya kwanza kama kodi zake zingekuwa za binadamu. Pale ngazi ndiyo kibaraza. Ghorofa moja ina Mhindi, Mwarabu, Msukuma na daktari wa Muhimbili, wote wanapishana na ndoo za takataka asubuhi. Mtoto anakula pilau ya Idi chini, anawasha taa za Diwali juu, Krismasi anavunja glasi kwenu. Shule za serikali za Kiingereza, Olympio na Diamond, ziko hapo hapo. Kupata nafasi ndiyo kazi.

Sinza na Kijitonyama nazipa ya tatu kwa shingo upande. Viwanja vyake vilipimwa miaka ya 1970 katika mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, vidogo vidogo na vimepangika, ndiyo maana majirani bado wanasikiana. Lakini tazama sasa: nyumba ya familia inauzwa, mwaka haujaisha ni gesti, pembeni baa, na wewe unamfundisha mtoto hesabu huku spika inatetemesha dirisha.

Tabata haina baya, isipokuwa foleni. Mbagala na Gongo la Mboto kodi ni nafuu na watu ni wakarimu. Safari ya kazini ndiyo itakayokula ulichookoa.

Kilichonipeleka kwenye zile kuta ni dalali. Hela ya kuonyeshwa nyumba nililipa, nyumba tatu, mbili zikiwa tayari zina watu. Juu yake kodi ya mwezi mmoja ni yake, kwa kazi ya kunifungulia mlango. Mwenye nyumba naye anataka miezi sita mkupuo, kwa hiyo hata ukigundua kosa wiki ya pili, umeshafungwa. Na wote wana neno lao moja: "Mtaa umetulia, dada."

Juzi mmoja amenipigia na nyumba nyingine, akaanza na hilo hilo. Nikamuuliza, umetulia kwa sababu gani? Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba elfu ishirini ya nauli.