IBAT kwa miradi ya Dar: nzuri kuanzia, haitoshi kumalizia

Kwa mshauri wa mazingira anayechunguza eneo la mradi, IBAT, zana ya mtandaoni ya taarifa za bioanuwai, inaokoa muda mwingi. Inakusanya mahali pamoja Orodha Nyekundu ya IUCN (inayoonyesha hatari ya kutoweka kwa kila spishi), ramani za hifadhi na maeneo muhimu kwa bioanuwai. Chora mpaka kamili wa kiwanja. Nukta moja haitoshi. Ukiingiza namba za mahali, angalia alama ya kutoa kwenye latitudo: -6.9 ni Pugu, 6.9 inakupeleka Ethiopia.

Udhaifu uko kwenye orodha ya spishi. Ripoti ya kina inachota kila kitu ndani ya kilomita 50, kwa hiyo kiwanja cha Pugu kinaletewa hadi viumbe wa Bahari ya Hindi. Ondoa kwanza wasio na makazi pale, na uandike sababu ya kila mmoja.

Kisha kuna komba wa Rondo, mnyama mdogo wa usiku anayeishi kweli msitu wa Pugu. Ramani haikuambii kama anatumia miti mnayotaka kukata. Hapo ni tochi ya kichwani na kinasa sauti, usiku, maana mlio ndio unaomtofautisha vizuri na komba wengine. Kazi hiyo iwekeni kwenye bajeti mapema, pamoja na ada ya IBAT, kwani matumizi ya kibiashara hulipiwa.