Kipimo cha methilesheni kwa uvimbe wa ubongo: nyota 4, na hiyo moja niliyokata nasema kwa nini

Naona watu wanauliza kama hiki kipimo kina maana yoyote au ni kuongezewa tu makaratasi, sa ngoja niseme yangu, mjomba wangu alifanyiwa baada ya operesheni.

Kizuri cha kwanza, mgonjwa hatoboliwi tena. Wanachukua kinyama kilekile kilichotolewa kichwani, hata kama kishagandishwa kwenye nta na kuwekwa kabatini, wanatoa DNA wanaangalia wapi imebandikwa vialama vya kikemia vinaitwa methili, ambavyo ndo vinasaidia kuzima jeni. Chipu inayotumika sana inasoma zaidi ya sehemu laki 8 kwa mpigo afu kompyuta inalinganisha na sampo za wagonjwa wengine. Programu ya watu wa Heidelberg, Ujerumani, iliyotangazwa 2018, ilifunzwa kwa sampo kama 2,800 ikawa inatofautisha aina 82 za uvimbe, na walipoijaribu kwa wagonjwa wapya, hadi 12% ikabidi jina la ugonjwa libadilishwe. Asilimia 12 jamani! Na jina sio pambo. Medulloblastoma (aina ya saratani ya ubongo) mbili za watoto zinaweza kufanana kabisa kwenye hadubini, kumbe moja ni kundi la WNT ambalo watoto wengi wanapona, nyingine ni kundi la 3 lenye matokeo mabaya zaidi. Kwa kazi hiyo ya kutoa jina sina la kulalamika, na WHO nao kwenye mwongozo wao wa 2021 wamekiingiza.

Sasa MGMT, hapo ndo watu wanapotea. Hilo ni swali lingine kabisa, sio la jina, ni la dawa. MGMT ni jeni inayotengeneza fundi wa kukarabati DNA, temozolomidi, dawa ya kemo, inaharibu DNA ya seli ya saratani, fundi anakuja anarekebisha, dawa inakosa kazi. Promota ya jeni hiyo, yaani sehemu ya kuiwashia, ikiwa na methili fundi anakuwa hayupo. Kwenye utafiti wa glioblastoma, saratani kali ya ubongo, uliotoka 2005, waliokuwa na methili wakapewa mionzi pamoja na temozolomidi, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 21.7, wenye mionzi tu miezi 15.3. Wasio na methili ilikuwa 12.7 na dawa, 11.8 bila dawa, yaani dawa iliwaongezea kidogo sana. Hizo ni namba za kundi la watu, usimpigie nazo hesabu mgonjwa wako, wapo waliokaa pande zote mbili za hiyo namba.

Nyota niliyokata ni ya ripoti. Maabara tuliyotumia walituma karatasi imeandikwa MGMT ina methili, basi, nyumbani watu wakaanza kulia wakidhani ni ugonjwa mwingine juu ya ule, wakati kwa glioblastoma hiyo ni habari njema!! Sentensi moja tu ya maelezo ingetosha. Halafu kuna alama ya kufanana, yaani kompyuta inaonaje uvimbe unavyolingana na aina fulani kwenye orodha yake, ya juu kabisa ni 1, kawaida 0.9 kwenda juu ndo wanaiamini, ikiwa chini haina maana uvimbe haupo, mara nyingi sampo ilikuwa na seli chache za uvimbe au aina yenyewe haimo kwenye orodha, na hilo nalo hawakuandika popote, daktari ndo alituambia tulipomuuliza. Na walichelewa, majibu yamekuja mionzi imeshaanza. Uholanzi 2023 walionyesha mashine ya kusoma DNA inayoweza kutoa aina ya uvimbe chini ya dakika 90, mgonjwa bado yuko mezani, kwa hiyo mnaponiambia kuchelewa ni kawaida mimi sielewi.

Kama una mzee mwenye glioblastoma ambaye hawezi kubeba mionzi na kemo kwa pamoja, kipimo cha MGMT usikiache, kwa umri huo mwenye methili anaweza kupewa temozolomidi peke yake na asiye nayo akapelekwa kwenye mionzi, tafiti za 2012 zilielekea hukohuko. Na mkimaliza ombeni faili lenyewe la data, sio karatasi tu, maana programu inatoka toleo jipya lenye aina nyingi zaidi na data ileile inasomwa upya bila kumgusa mgonjwa. Sisi tulilifuatilia hadi wakatupa.