Aktueta ya westigeti yenye diaframu kubwa: nilichopima kabla na baada ya kuifunga

Aktueta ni mkebe wenye diaframu (utando wa mpira), springi na fimbo, unaofungua na kufunga westigeti, yaani mlango unaoruhusu moshi ukwepe turbo. Hii imeshika busti, presha ya hewa inayosukumwa na turbo, vizuri kuliko ya kiwandani, na ningeinunua tena. Ila sababu ya ubora wake haimo kwenye namba iliyoandikwa kwenye boksi. Boksi linasema 10 psi, yaani bar 0.69, na wengi huchagua kwa namba hiyo peke yake. Namba hiyo inakwambia springi ina ukali gani kwa makadirio. Haikwambii kama mlango wa westigeti utabaki umefungwa moshi ukianza kuusukuma kwa nguvu.

Nimeifunga kwenye injini ya petroli ya lita 2.0 yenye turbo ndogo ya familia ya TD04 na westigeti ya ndani. Lengo ni bar 1.0. Kwa aktueta ya zamani busti ilikuwa inafika bar 1.0 mapema, karibu 3,200 RPM, kisha inashuka taratibu hadi bar 0.8 ikifika 5,500. Kuongeza kazi ya solenoidi, vali ndogo ya umeme inayoamriwa na kompyuta ya injini, hakukusaidia kitu. Solenoidi inazuia hewa isifike kwenye aktueta, basi. Ikishazuia yote, kinachoushika mlango ni springi peke yake, na springi ikizidiwa na presha ya ekzosi mlango unafunguka wenyewe.

Hesabu yake ni fupi na kila anayenunua aktueta afadhali aifanye. Chukua mlango unaofunika tundu la mm 25. Eneo lake ni kama mm 491 za mraba. Presha ya moshi kabla ya tabaini (gurudumu la turbo linalozungushwa na moshi) ikizidi ya upande wa pili kwa bar 1.5, mlango unasukumwa kwa nguvu ya takriban kilo 7.5. Sasa chukua diaframu ya kipenyo cha mm 40 yenye springi inayosalimu amri kwenye bar 0.7: springi hiyo inashikilia kwa kilo 9 hivi. Diaframu ya mm 50 kwa bar hiyohiyo 0.7 inahitaji springi ya kilo 14. Aktueta zote mbili zitaandikwa 10 psi, zote zitakupa busti ya chini inayokaribiana, lakini moja ina akiba ya kilo moja na nusu na nyingine kilo sita na nusu. (Nimechukulia mkono wa mlango una urefu sawa pande zote mbili za mhimili, kwenye turbo yako pima.) Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji liwe kipenyo cha diaframu, kisha ndiyo uulize springi.

Kuhusu springi yenyewe, mimi nachagua nusu hadi theluthi mbili ya busti ninayoitaka. Kwa bar 1.0 hiyo ni bar 0.5 hadi 0.7. Kuna wanaoshauri kuweka springi ya bar 1.0 moja kwa moja ili kuachana na solenoidi. Sikubaliani nao hata kidogo. Solenoidi inaweza kupandisha busti juu ya springi, haiwezi kuishusha chini yake. Siku umejaza mafuta ya oktani ndogo na injini inaanza kunoki (mafuta kulipuka vibaya ndani ya silinda), kompyuta itakata solenoidi ili busti ishuke, na haitashuka kwa sababu springi ndiyo iliyoweka kiwango. Ukienda upande wa pili, springi ya bar 0.35 kwa lengo la bar 1.0 nayo itakurudisha kwenye ugonjwa ule wa busti kuporomoka RPM zikiwa juu.

Nilipima aktueta mbili mezani kabla ya kuamua, zote zimeandikwa 10 psi. Vifaa ni pampu ya mkono ya kusukuma hewa yenye geji ndogo, kipande cha hosi na vania ya kupimia milimita. Usitumie kompresa ya gereji, presha yake inaweza kupasua diaframu kabla hujaona sindano ikisogea. Ya kwanza ilianza kusogea bar 0.50 na fimbo ikafika mm 10 kwenye bar 1.05. Ya pili ilianza bar 0.52 na kufika mm 10 kwenye bar 0.82. Nilichukua ya pili bila kusita. Tofauti kubwa kati ya kuanza na kufunguka kabisa maana yake busti itaendelea kupanda kadiri RPM zinavyopanda, kwa sababu mlango unadai presha zaidi kwa kila milimita. Kipimo kingine ni kuvuja: tia bar 0.7, bana hosi karibu na geji upande wa pampu, subiri dakika moja. Sindano isisogee. Diaframu inayovuja inafanya mlango uchelewe kufunguka, na hapo busti inapita kiasi.

Mwendo wa fimbo nao uangalie. Tundu la mm 25 linapitisha moshi wote linaoweza kupitisha mlango ukiwa umeinuka robo ya kipenyo chake, mm 6 na kidogo hapo katikati. Aktueta hii ina mwendo wa mm 12, unatosha hata baada ya kuikaza kidogo wakati wa kufunga.

Sasa kufunga, ambako kazi nyingi nzuri huharibikia. Fimbo ni ya M6 yenye thredi ya mm 1.0, kwa hiyo mzunguko mmoja kamili wa kichwa cha fimbo ni mm 1. Funga mkebe kwenye braketi, shika mlango kwa mkono ukiwa umefungwa kabisa, kisha zungusha kichwa hadi tundu lake libaki mm 2 nyuma ya pini ya mkono wa mlango. Hizo mm 2 ndizo zinaupa mlango mkazo. Kwa springi hii, yenye kuongeza bar 0.03 kwa kila milimita, mwanzo wa kufunguka ulipanda kutoka 0.52 hadi karibu 0.58. Usivute fimbo kwa plaizi ili ifike kwenye pini. Tia hewa kwa pampu, fimbo itajitokeza yenyewe, iingize, weka klipu, achia hewa. Wala usiache fimbo izunguke unapokaza nati: ishike kwa spana ndogo kwenye sehemu bapa. Fimbo imeungana na diaframu, ukiizungusha diaframu inajikunja na itachanika baada ya muda, na hutajua ilianzia wapi.

Angalia pia fimbo inapita imenyooka kuelekea pini. Kwangu braketi ilikuwa imekaa pembeni kwa mm 3 hivi, fimbo ikawa inasugua bushi ya mkebe. Washa moja (kipete bapa cha bolti) chini ya braketi ilitosha. Fimbo inayosugua hufungua kwa presha moja na kurudi kwa nyingine. Ukiona hivyo kwenye geji, rekebisha kabla ya kuwasha gari.

Hosi itoke kwenye kifuniko cha kompresa ya turbo (upande unaobana hewa), isitoke kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Tumia ya silikoni, kipenyo cha ndani mm 4, fupi iwezekanavyo, mbali na nyumba ya tabaini. Kama gari lako linatumia solenoidi ya njia mbili, kata hosi ya zamani uitazame ndani: huwa kuna kipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba. Lazima kihamie kwenye hosi mpya, kati ya kompresa na kiungo cha T. Ukikisahau, solenoidi haitaweza kupunguza presha na busti itabaki ya springi tu. Ukikiweka upande wa aktueta, mlango utachelewa na utaona busti ikiruka juu ghafla kila ukikanyaga.

Mkebe una matundu mawili ya hewa. Ukitumia lile la kusukuma diaframu peke yake, la upande wa springi liachwe wazi. Mtu akiliziba kwa kifuniko ili kuzuia vumbi, hewa inafungwa ndani, inaongeza nguvu ya springi na busti inapanda bila mpangilio.

Safari ya kwanza niliifanya solenoidi ikiwa imetolewa kabisa, hosi moja kwa moja kutoka kompresa hadi aktueta, gia ya tatu kuanzia 2,500 RPM. Geji ilisimama bar 0.64. Baada ya hapo ndipo solenoidi ikarudi, na namba zake kwenye kompyuta zikapunguzwa kwanza, maana springi kali inahitaji msaada mdogo. Ukiacha namba za zamani utapata kosa P0234 la busti kupita kiasi na gari litajikata nguvu. P0299 ni kinyume chake, busti haifiki. Matokeo ya mwisho: bar 1.0 kwenye 3,200 RPM, bar 0.97 kwenye 5,500, bar 0.92 kwenye 6,300. Kwa turbo ndogo hivi nimeridhika sana.

Kasoro zipo. Bolti za braketi ni fupi, zinashika nyuzi nne tu, nilibadilisha kwa ndefu zaidi. Maelekezo yanasema ukaze "kati ya mm 1 na 5", ambayo kwa springi hii ni tofauti ya bar 0.12 na mm 5 zinakula karibu nusu ya mwendo wa mlango. Kubadilisha springi kunahitaji kufungua mkebe ukiwa umebanwa kwenye jiriwa, maana kifuniko kinaruka.

Wala usiinunue kutibu mlio wa kugongagonga gari likiwa sailensa (linaunguruma bila kukanyagwa). Huo mara nyingi ni bushi ya mkono wa mlango iliyolika, na aktueta mpya haiigusi. Vilevile busti inayopanda mlango ukiwa wazi kabisa inatibiwa kwa kupanua tundu, si kwa springi. Na kama gari lako lina aktueta ya umeme au ya vakyumu, hii haikuhusu. Ya vakyumu kwa kawaida hufanya kazi kinyume, mlango uko wazi hadi ivutwe.

Baada ya siku chache za joto kamili nilipima tena: mkazo ulikuwa umebaki mm 2, lakini nati ya kufungia ilikuwa imelegea robo mzunguko. Gundi ya thredi ya kawaida inalainika karibu na turbo, kwa hiyo nimeweka nati ya pili nyuma ya ile ya kwanza na kuchora mstari wa rangi juu ya zote mbili. Nikifungua boneti nautazama mstari huo kwanza.