Kozi ya uhudumu wa afya Mbeya, naipa nyota 3 kati ya 5

Naona kila wiki kuna mtu anauliza kuhusu kile chuo cha binafsi nilichosomea uhudumu wa afya hapa Mbeya, upande wa Uyole. Jina silitaji maana cheti cha rafiki yangu bado kiko ofisini kwao, ila wenyeji chuo chenyewe mtakijua tu.

Nianze na kizuri. Vitendo wako vizuri aisee, hapo siwaonei. Madam wetu ni nesi mstaafu, mama wa Tukuyu, hana mchezo hata kidogo, yaani unatandika kitanda unajisikia umemaliza anakuja anapitisha kiganja juu ya shuka anakuta kunjo moja hapo mgongoni, anakwambia hii ndo inamchuna mgonjwa, tandua anza upya. Na unatandika mwenzako akiwa amelala juu sio kitanda kitupu. Mgonjwa asiyejiweza anageuzwa kila baada ya saa 2 la sivyo vidonda, mtu wa kiharusi kumvalisha unaanza na mkono uliopooza ila kumvua unaanza na ule mzima, hayo mpaka leo ukiniamsha usiku nakujibu. Jik, ile dawa ya klorini ya kuua vijidudu, ya asilimia 3.5 ni kikombe 1 kwa maji vikombe 6, vifaa vinalowa dakika 10 ndo unaosha. Sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko, inaenda moja kwa moja kwenye boksi lake. Kuna mkaka alijaribu kuirudishia mbele ya madam, siku hiyo darasa zima tulisimama mpaka kipindi kikaisha jamani.

Fildi, yaani mazoezi ya kazini, nayo ilinisaidia sana, tulipelekwa hospitali ya misheni na huko masista wa wodi wanakutumia kweli, unapima joto, mapigo, presha, unaandika kwenye chati, inchaji, mkuu wa wodi, akipita raundi anakuuliza wewe sio mwenzako. Ukija kukaakaa na simu unarudishwa chuoni.

Sasa ofisini ndo kuna shida. Ile hela ya fildi kwenye fomu ya kujiunga haikuwepo kabisa, tumeshaanza muhula ndo tunaambiwa, na ukidai risiti unajibiwa mtandao unasumbua, kesho, kesho tena, mpaka unachoka. Halafu lile tangazo lao la "ukimaliza ajira ipo", achaneni nalo. Wana kitengo cha ajira, ni meza moja na daftari, unaandika jina na namba unalipia, darasa letu sijasikia aliyepigiwa simu. Kilichoniudhi zaidi ni yule kaka wa udahili anawaambia watoto waliotoka form four kwamba wakimaliza hapa ni manesi. Sio kweli. Diploma ya uuguzi ni miaka 3, unatakiwa uwe na ufaulu wa baiolojia, kemia na fizikia, na ukimaliza unasajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mhudumu anaogesha, analisha, anageuza, anasafisha, anasindikiza mgonjwa vipimo, na ni kazi ya heshima tu ila mtu aambiwe ukweli kabla mama yake hajauza mahindi.

Pia wana kozi mbili, ya miezi michache na ya mwaka. Kama unawaza serikalini chukua ya mwaka, maana matangazo ya Mhudumu wa Afya kwenye Ajira Portal, ile tovuti ya ajira za serikali, huwa wanataka kidato cha nne na mafunzo ya mwaka mmoja kutoka chuo kinachotambuliwa. Na kabla hujalipa ingia tovuti ya NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi, uone chuo kipo, halafu uone na kozi yenyewe ipo, kwa sababu chuo kinaweza kusajiliwa kwa kozi nyingine kabisa wewe ukasoma isiyokuwepo.

Kazi mimi niliipata kwa sista mmoja wa kule fildi, sio kwa lile daftari. Alinipigia kwamba kuna familia mtaa wa Forest hapa Mbeya wana mzee amepata kiharusi, watoto wote wako Dar, wanatafuta mtu anayejua. Siku ya kwanza nimemvalisha shati kwa kuanza na ule mkono mgonjwa, binti yake aliyekuja kunipokea akashangaa maana wao walikuwa wanamvuta mpaka analia, mzee mwenyewe maneno hayatoki vizuri ila akasema "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, basi nikajua hapa nimekubalika. Hela yake inazidi ya wenzangu walioko zahanati za Mwanjelwa, wengi wao wameambiwa wajitolee kwanza na hiyo kwanza haiishi. Kwahiyo ukienda fildi fanya kazi watu wakuone, chukua namba za masista, salimia hata ukishaondoka.

Kwahiyo nyota 3 zote ni za madam na fildi, ofisi haina hata nusu. Kama unaenda lipa kwa awamu, tena benki sio mkononi, hosteli yao ruka, Uyole kuna vyumba vya bei nzuri tu, ila ukiingia kipindi cha baridi cha Juni beba blanketi zito kwasababu zamu ya asubuhi mnaanza kuogeshana kwa mazoezi na maji ya moto hawachemshi.