Mmiliki Hajulikani: mwaka wangu mmoja na kadi ya makumbusho ya sanaa

Siku ya ufunguzi wa maonyesho ya kanga, mama yangu mzazi, ambaye umri wake umekwisha kupita miaka 70, aliketi nje ya geti la makumbusho kwenye kiti cha plastiki alichopewa na mlinzi, ilhali kanga yake ilikuwa imetundikwa ukutani huko ndani, ikitazamwa na watu walioshika bilauri za juisi. Naanza na jambo hilo kwa sababu kila nilipojaribu kuanza na jingine, kalamu ilirudi palepale. Kiingilio, saa za kufungua na mahali pa kuegesha gari ni mambo ambayo kila mtu anaweza kuyauliza kwa simu. Mimi nitaeleza yaliyonipata katika mwaka mmoja wa kuwa mwanachama wa makumbusho haya madogo ya watu binafsi hapa Dar es Salaam, ambayo jina lake nalihifadhi kwa sasa, wala siahidi kwamba nitalihifadhi daima.

Kwa haki, mwaka ulianza vizuri. Maonyesho ya kwanza niliyoyahudhuria yalikuwa ya michoro ya Tingatinga, na sikutarajia kwamba mimi niliyekulia katika mji huu, niliyewazoea wale chui na ndege tangu utotoni kwa kuwaona kwenye vibanda vya barabarani, ningesimama mbele yao kwa muda mrefu kiasi kile. Waliitundika michoro ya zamani peke yake, bila kuisonga, na taa zikawa upande mmoja, hivi kwamba mtu aliweza kuona namna rangi ya mafuta, ileile inayopakwa milango na baiskeli, ilivyotandazwa juu ya ubao mwembamba wa kupigia dari, na namna mnyama mmoja mkubwa alivyojaza ubao mzima bila kumwachia mwingine nafasi. Niliwasimulia wanangu habari za Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, aliyeanza kuchora mnamo mwaka 1968 na kuuza kazi zake Oysterbay, nje ya Morogoro Stores, kisha mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu anayekimbia. Miaka minne tu ya kazi, nayo imewalisha wachoraji hadi leo.

Kuna kitu kimoja nilikiona siku hiyo nikakicheka. Katika mojawapo ya michoro ya baadaye, mchoraji alikuwa ametia sahihi yake pembeni chini, kwa rangi nyeusi, herufi kubwa zinazosomeka hata na mtoto wa darasa la kwanza, na kibandiko cha maelezo kilichobandikwa ukutani, umbali usiozidi shubiri moja kutoka kwenye sahihi hiyo, kikasema: “Msanii hajulikani.” Nilimwonyesha mke wangu, tukacheka, tukaenda zetu kunywa chai. Sikumwambia mtu yeyote wa makumbusho. Leo kicheko kile kinaniuma, kwa sababu nadhani mchoraji yule naye ana watoto, na pengine mmoja wao alipita pale siku nyingine akasoma maneno hayo.

Baadaye, wakati wa kipupwe, yakafuata maonyesho ya vinyago vya Wamakonde, na hapo sina budi kusifu, hata kama mkono unasita. Siku ya Jumamosi, ambayo wao huiita siku ya jamii, waliwaleta wachongaji kutoka Mwenge wakaketi uani chini ya mwembe, wakafanya kazi yao mbele ya watu kwa tezo, patasi na tupa. Nilikuwa sijapata kuona gogo la mpingo likifunguliwa. Nje ni jeupe kama mti mwingine wowote, mtu akasema amedanganywa, kisha tezo inakwenda ndani kidogo na weusi unajitokeza. Mzee mmoja, ambaye babake alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, alimwambia binti yangu ashike kipande, akakiangusha ndani ya ndoo ya maji, kikazama moja kwa moja kama jiwe. Binti yangu alikiokoa na kukiangusha tena mara zisizohesabika. Akaonyeshwa pia nguzo ya ujamaa, watu juu ya watu ndani ya gogo moja, akaulizwa yule wa chini kabisa amembeba nani, akaanza kuhesabu. Tulirudi nyumbani na vumbi jeusi kwenye nguo, na kama ningeandika tathmini hii jioni ya siku ile, ningewapa kila sifa iliyomo katika kamusi.

Yalikuwapo pia maonyesho ya picha za majengo ya mji wa zamani, ambayo niliyapita haraka kwa sababu feni hazikuwa zikifanya kazi.

Ndipo likaja tangazo la kanga. Makumbusho yaliwaomba wakazi wa mji waazime kanga zao za zamani, pamoja na habari zake, na mimi, kwa kiherehere changu, nikamshawishi mama. Mama ana sanduku la mbao ambalo huvifukizia udi vilivyomo, na ndani yake mna kanga ambazo hazijavaliwa kwa miaka mingi: kisutu cha harusi yake, kanga za kiwanda cha Urafiki za wakati huo, na doti moja ambayo jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, ni “Japo sipati tamaa sikati.” Hiyo ya mwisho ndiyo aliyoitoa. Kijana aliyetumwa kuikusanya aliketi mkekani kwetu, akapewa chai na vitumbua, akaandika katika daftari lake yote aliyoambiwa. Aliambiwa kwamba mama alikaa miaka sita katika nyumba ya mume bila kupata mtoto, kwamba mawifi walikuwa wakisema ya kusema, na kwamba hakuwajibu kwa mdomo hata siku moja. Alikwenda sokoni akanunua doti hiyo, akajifunga, akapita nayo uani asubuhi, wakasoma. Mwaka wa saba nikazaliwa mimi, nikabebwa kwa kanga hiyohiyo. Kijana alisikiliza vizuri, nakiri. Akachukua kipande kimoja cha doti, akamwachia mama cha pili, akasema tutaonana siku ya ufunguzi.

Siku hiyo nilichelewa kazini, kwa hiyo nilimwagiza mama atangulie kwa bajaji. Alikuwa amejitanda kile kipande cha pili. Nasisitiza jambo hili ili msomaji alielewe vizuri: mwanamke huyu alifika getini akiwa amevaa nusu ya kitu ambacho nusu yake nyingine ilikuwa ndani ikionyeshwa kwa heshima na taa, rangi ileile, pindo lileile, jina lilelile, na hakuna aliyeona.

Kijana wa mapokezi, ambaye siye yule aliyekula vitumbua vyetu, hakumwamkia. Alianza na orodha. Mlinzi ndiye aliyenisimulia maneno yenyewe, na mama baadaye aliyathibitisha kwa shingo upande, kwa kuwa hapendi kusema watu.

“Mama, jina lako halimo humu.”

“Mwanangu, kanga yangu imo humo ndani.”

“Hilo mimi silijui. Leo ni wageni waalikwa tu. Siku ya jamii ni Jumamosi.”

Siku ya jamii ni Jumamosi! Nimeirudia sentensi hiyo kichwani tangu wakati ule, na kila mara naikuta na kosa jipya. Kwenye bango kubwa la mbele ya jengo wameandika kwamba makumbusho ni ya jamii. Katika barua za kuombea wafadhili, sina shaka, neno hilo linajaa kama mchele katika gunia. Lakini jamii yenyewe ilipofika kwa miguu yake, siku ya Alhamisi, ikaambiwa imekosea siku.

Nilipofika, nilionyesha kadi yangu, na kijana yuleyule akanikaribisha kwa tabasamu na kunifungulia mlango. Mama akaniambia niingie kwanza nikamtafute mwenye mamlaka. Nikaingia. Mgeni rasmi alikuwa ameanza hotuba, na kila niliyemgusa bega alinionyesha kidole mdomoni. Basi nikazunguka ukutani nikisubiri, na maelezo ya utangulizi niliyoyasoma yalikuwa mazuri, wala sitayapunja: yalieleza leso za Wareno zilizoshonwa pamoja zikawa nguo moja, yalieleza maandishi ya kwanza yaliyokuwa ya herufi za Kiarabu kabla ya hizi za Kirumi, na yalimtaja Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyeanza biashara mwaka 1887 na ambaye kanga zake hadi leo hutambulikana kwa alama ya “Mali ya Abdulla.” Kumbe wanajua kwamba kanga huwa na mwenyewe, na kwamba mwenyewe anaweza kuandikwa!

Kisha nikaikuta ya mama. Walikuwa wameitia ndani ya fremu ya kioo, na kwa kuwa fremu ilikuwa fupi kuliko kanga, waliikunja kwa nyuma sehemu ya chini. Pindo lilionekana upande wa juu, mji, yaani sehemu ya katikati, ulionekana, lakini jina lilikuwa limekunjwa likaangalia ukuta. Yale maneno aliyoyanunua ili mawifi wayasome, sasa yalikuwa yakisomwa na saruji. Na kando yake palikuwa na kibandiko: “Kanga. Pamba. Mmiliki hajulikani.”

Nilitoka nje. Sikumwambia mama habari ya kibandiko, na hadi leo sina hakika kama nilifanya vyema. Yeye alisema magharibi inakaribia, tuondoke, akamrudishia mlinzi kiti chake na kumshukuru kwa dua ndefu. Hakuingia.

Niliandika barua. Jibu lilikuja baada ya muda usio mfupi, likisema kwamba uongozi “unasikitika kwa usumbufu uliojitokeza.” Mtu anayeijua lugha hii anajua kwamba usumbufu unaojitokeza ni ule usio na aliyeuleta: umetoka wenyewe, kama uyoga baada ya mvua. Nikaandika ya pili, yenye maneno ambayo mama angenikemea kwayo, na hapo nikaamua kutoa nyota moja tu, nayo si ya makumbusho, ni ya mlinzi.

Ningeishia hapo na kuwashauri ninyi nyote msiende. Kwa bahati mbaya kwa hasira yangu, Jumapili moja, mwanamke kijana ambaye ndiye mhifadhi wa mkusanyo wao alifika nyumbani bila taarifa, akavua viatu mlangoni, akasema shikamoo, akaketi mkekani. Alileta daftari la yule kijana wa kwanza. Habari zote zilikuwamo, ukurasa mzima, zimeandikwa kwa mwandiko safi, hata miaka sita ilikuwamo. Alieleza kwamba aliyechapisha vibandiko alipewa orodha ya vitu, si daftari, na orodha hiyo ilikuwa na nafasi ya kitambaa na nafasi ya vipimo, lakini mahali pa jina la mwenye kitu palikuwa patupu, na mahali patupu mashine hujaza yenyewe neno hilo. Hakulaumu mashine. Alisema yeye ndiye aliyetakiwa kuvipitia vibandiko na hakuvipitia vyote. Aliomba radhi kwa mama, si kwangu, na ndivyo ilivyopasa.

Hivyo ndivyo mama alivyojua habari ya kibandiko. Alicheka. Akasema kwamba hata mawifi walikuwa wakijifanya hawamjui. Kisha wakaanza kuzungumza kuhusu kanga nyingine zilizomo sandukuni, na mimi nikaonekana mtu wa ziada katika nyumba yangu, nikatumwa kununua sukari.

Sasa fremu ni mpya, ndefu, na nimekwenda mwenyewe kuhakikisha kwamba jina linasomeka. Linasomeka. Je, hiyo inatosha? Siku nyingine naona inatosha, hasa nikimkumbuka binti yangu na kile kipande cha mpingo ndani ya ndoo, kwa maana sijui mahali pengine mjini ambapo angepewa saa nzima ya namna ile. Siku nyingine nakumbuka kwamba ule mchoro wenye sahihi nyeusi bado umetundikwa katika chumba cha pili, na kibandiko chake, nilipopita juzi, kilikuwa kilekile. Safari hii nilikwenda nikawaambia. Walishukuru, wakaandika mahali. Kijana wa mapokezi bado yupo, na bado haamkii. Basi wekeni nyota mbili na nusu, na kama hairuhusiwi kuweka nusu, wekeni mbili.

Mama ameridhia kanga yake ibaki huko mwaka mwingine, kwa sharti kwamba aende kuitazama siku yoyote apendayo, iwe Jumamosi au isiwe. Uongozi ulitaka kumpa kadi ya bure. Nilikataa, nikaenda kuilipia. Yule kijana alinihudumia. Aliniuliza jina la mwanachama, nikamtajia majina matatu ya mama yangu, akaandika mawili, na la pili akalikosea. Nikamwambia alifute, nikamtajia upya, herufi moja baada ya nyingine, na watu wa nyuma yangu katika foleni wakasubiri.